Blauzi ya Mama Eduviges

Wanawake wa Tepemil waliokuwa wakifua nguo kwenye mabirika ya mji walijua kwamba Eduviges anakuja kabla hajafika, kwa sababu aliyekaa upande wa njia alikuwa akikohoa. Akikohoa, wenye watoto wachanga waliwafunika nyuso kwa kanga zao, na waliowalaza kwenye vikapu waligeuza vikapu vikaelekea ukutani. Kisha wakaendelea kusugua kana kwamba hakuna kilichotokea. Eduviges alipita nyuma yao na karai lake kichwani, macho chini, mpaka birika la mwisho, lile lililovunjika mdomo, ambalo hakuna mwingine aliyelitaka.

"Habari za asubuhi," alisema.

"Nzuri, Mama Eduviges," walijibu kwa pamoja, kwa heshima zote.

Heshima hiyo ndiyo iliyouma. Hakuna mtu Tepemil aliyewahi kumwita mchawi. Mchawi hukusudia, na Eduviges hakukusudia lolote. Alikuwa na macho mazito, basi, kama mwingine anavyokuwa na mkono mzito wa chumvi. Akimtazama mtoto mchanga akapendezwa naye, kisha asimguse, mtoto alishikwa: homa, kuharisha, jicho moja kuwa dogo kuliko lingine, utosi kubonyea. Dawa yake ilijulikana nchi nzima ya Salvador. Mwenye macho amshike mtoto palepale, ampapase kichwa, yaishe. Kama ameshaondoka, itafutwe nguo yenye jasho lake na mtoto afungwe ndani yake, mpaka jasho la mtoto lichanganyike na la mkubwa. Padri aliwakemea kila mwaka kwa imani hiyo, na kila mwaka akina mama walimpelekea watoto wa kubatiza wakiwa na uzi mwekundu mkononi.

Macho yenyewe yalikuwa makubwa, ya rangi ya asali, yenye kope ndefu. Kwa mwanamke mwingine yangetungiwa nyimbo.

"Mama Eduviges!" aliita Chabela, mke wa mchinjaji, aliyekuwa na sauti ya kufika ng'ambo ya mto. "Njoo kwangu jioni unitazamie mume wangu. Mtazame vizuri sana, umsifie, halafu usimguse!"

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akaangusha sabuni. Eduviges naye alicheka kidogo, kwa kuwa asiyecheka husemwa kuwa ana kinyongo.

"Usimtanie mwenzio, Chabela," alisema mwanamke mwingine. "Juzi tu alimwona bata mzinga wa Mama Otilia, bata akalala miguu juu."

"Mimi niliuliza tu ni wa nani," alisema Eduviges.

"Ndiyo hivyo. Uliuliza kwa mdomo, macho yakajibu."

Akacheka tena, akaloweka nguo zake. Alifulia watu: mashuka ya nyumba ya wageni, suruali za wachuma kahawa, makoti ya mwalimu mkuu. Nguo za watoto hakuna aliyempa.

Ilianza alipokuwa mdogo, bado anacheza na udongo. Shangazi yake Herlinda alijifungua msichana, na Eduviges akakimbia kutoka uani ili amwone. Alisimama kando ya kitanda akasema, "Jamani, alivyo mzuri!" akanyoosha mikono. Mikono ilikuwa na matope hadi kwenye viwiko. Mama yake, Refugio, akamvuta nyuma kwa sikio kabla hajakigusa kichanga. Msimu ule wa mvua watoto wengi waliharisha wakafa, na yule wa Herlinda akawa miongoni mwao. Lakini Herlinda alikuwa na mtoto mmoja tu, hakujua habari za wengi. Alitaka kuambiwa nani alimtazama mwanawe, akamsifia, akaondoka bila kumgusa. Watu walitafuta katika kumbukumbu zao, wakaona macho ya asali.

Refugio hakumtetea binti yake. Kumtetea kungekuwa kusema kwamba yeye mwenyewe, kwa kumvuta sikio, ndiye aliyezuia mguso. Alimpiga kofi la kila shavu, akamwambia kuanzia leo utatazama miguu ya watu. "Dunia ina miguu ya kutosha," alisema.

Kwa hiyo Eduviges aliujua mji kwa miguu. Alijua nyufa za visigino vya Chabela, viatu vya padri vilivyokandamizwa nyuma, ukucha mweusi wa mwenye duka la mahindi. Shuleni aliwekwa dawati la mwisho, na mwalimu alipopata mimba akaambiwa abaki nyumbani mpaka mwalimu ajifungue. Mwalimu alijifungua salama. Eduviges hakuitwa tena, na hakuna aliyekumbuka kwamba hakuitwa.

Alipata mume, na hilo liliwashangaza wengi. Aliitwa Cupertino, msafirishaji wa mizigo kwa nyumbu, mtu wa upande wa mpakani ambako hawakumjua Eduviges. Alimshika kidevu akamwinua uso. "Nitazame unavyotaka," alimwambia. "Mimi nina ngozi ya nyumbu." Miaka minne Eduviges alimtazama, na katika miaka hiyo alizaliwa Delmi. Kisha siku moja nyumbu wao bora zaidi, yule mwekundu, akateleza kwenye genge akavunjika mgongo. Asubuhi ya siku hiyo Eduviges alikuwa amemsifia akimpa maji. Cupertino hakumlaumu. Alilala wiki nzima uso ukutani, kisha akafunga nyumbu waliobaki akaelekea kwao. Eduviges aliona visigino vyake tu vikivuka mto.

Mama hamdhuru mtoto wa tumbo lake, hilo kila mtu alikubali, damu ni moja. Hata hivyo Eduviges hakutaka kubahatisha. Kila alipomtazama Delmi alimgusa: utosini, masikioni, vidole vya miguu, hata mtoto akichezea uani alimkimbilia kumgusa kisha akarudi jikoni. Delmi alikua akichoka kuguswa. Shuleni wenzake walimwona anakuja wakajifunika nyuso kwa madaftari. "Msitazame, msitazame, mtoto wa Jicho huyo!" Delmi akawapiga, akapigwa, akajifunza kupita kati yao kama mtu aliye peke yake barabarani. Yeye alikuwa na macho meusi, madogo, ya baba yake, na Eduviges alimshukuru Mungu kwa hayo kila Jumapili. Lakini watu waliendelea kuyachunguza, kama wanavyochunguza ukuta mpya baada ya tetemeko.

Na kulikuwa na habari ya blauzi.

Waliokuja walipitia mlango wa jikoni. Walivua kofia, walisalimia vizuri. "Samahani kwa usumbufu, Mama Eduviges. Ni mtoto wa dada yangu. Tunaomba blauzi uliyoivaa, kama hutojali." Mwanzoni alibisha. Alisema hajapita mtaa huo mwezi mzima. Wakasema labda ulipita hukumbuki. Akasema sijui hata kama dada yako amezaa. Wakasubiri, kofia mikononi, mpaka akaona aibu kumnyima mtoto mgonjwa kitambaa chenye jasho. Alienda nyuma ya pazia, akavua, akawapa.

Mtoto akipona, ilijulikana wazi kwamba ni yeye aliyemshika. Asipopona, ilisemwa blauzi ilichelewa. Kila alichotoa kiligeuka ushahidi juu yake, na wanawake waliokuja kumshukuru walimshukuru kutoka ng'ambo ya uzio, wamewafunika watoto waliopona.

Miaka ilivyopita aliacha kubisha. Zaidi ya hapo, kulikuwa na siku ambazo aliposikia hodi jikoni kifua chake kilijaa kitu kinachofanana na fahari, kwamba daktari ameshindwa na sasa wamekuja kwake. Akivua blauzi alijaribu kukumbuka alipomtazama mtoto huyo, na akijitahidi sana, kwa kawaida alikumbuka.

Delmi aliolewa na Neftalí, mtoto wa Mama Otilia mwenye tanuri la mikate karibu na kanisa. Mama Otilia alikuwa mjane mnyoofu, mwenye mikono ya unga na kauli isiyorudi nyuma. Hakuikataa ndoa, alisema tu kwamba binti atahamia kwake na mama atabaki kwake. Mimba ya kwanza ya Delmi ilitoka mwezi wa tano. Mama Otilia alitafuta, naye, akakumbuka kwamba Eduviges alikuja dirishani kununua mkate na akasema, "Tumbo limekupendeza, mwanangu," kukiwa na kaunta katikati.

"Mimba si mtoto wa tumbo lako," alimwambia Eduviges siku ile, kwa upole kabisa, akifuta mikono kwa aproni. "Ni wa tumbo lake. Damu imeshachanganyika na yetu. Sikulaumu, mama. Lakini usije tena dukani kwangu. Mkate nitakutumia."

Na alimtumia mkate, kila siku, bila kukosa.

Kwa hiyo habari za mimba ya pili Eduviges alizipata kwa Tomasa. Tomasa alikuwa muuza tamali, mikate ya mahindi ya kuchemsha ndani ya majani ya mgomba, mwanamke asiyejaliwa mtoto na kwa hiyo asiye na la kuogopa. Ndiye aliyemsimamia Delmi alipobatizwa, na tangu siku hiyo yeye na Eduviges waliitana komadre, kama wanavyoitana mama mzazi na mama wa ubatizo. Yeye ndiye aliyekuja na kusema, "Komadre, ni mvulana. Ana mapafu ya mnadi. Ukikaa kimya pale sokoni unamsikia."

"Anafanana na nani?"

"Na kila mzee niliyemjua."

Eduviges alicheka, kisha akalia, kisha akaendelea kupiga pasi. Hakuna alichokitaka maishani kama kumshika mtoto yule, japo mara moja. Hakuomba kumlea wala kumwogesha. Amshike, aone uzito wake.

Siku arobaini za uzazi zilipokwisha, Delmi alikuja mwenyewe. Alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mgeni.

"Anaitwa nani?" Eduviges aliuliza.

"Osmín."

"Jina zuri." Palepale akashtuka kwamba amesifia, akamshika Delmi mkono. "Mfikishie. Ukifika tu nyumbani, mshike papa hapa nilipokushika."

"Mama, ni jina tu."

"Mfikishie."

Delmi alivuta pumzi. "Jumapili anabatizwa. Mama mkwe amekubali uje kwenye sherehe."

"Amekubali?"

"Kwa sharti. Usisimame mbali ukamtazama. Uje moja kwa moja, umshike mbele ya watu wote, umpapase kichwa, useme Mungu akubariki. Halafu ukae ule."

"Nimshike."

"Ndiyo."

"Mikononi."

"Sasa utamshika wapi kwingine, mama?"

Delmi alitabasamu, na kwa kitambo wakawa wawili tu, mtu na binti yake.

Alipobaki peke yake Eduviges alianza kufikiri, na kufikiri ndiko kulikomwangusha. Kati ya mlango wa uani na mikono ya Mama Otilia pana hatua kadhaa. Macho hufika kabla ya mikono. Je, yakifika kwa nguvu mno, baada ya miaka yote hii ya kunyimwa? Mtoto wa Chabela aliguswa na bado akaumwa wiki mbili. Huyu si mtoto wa jirani. Huyu angempenda kuliko watoto wote, na kupenda kwenyewe ndiko kulikokuwa na sumu.

Akaamua kwamba hatamtazama kabisa. Atafumba macho. Atampokea, atamnusa, atampapasa kichwa, atasema Mungu akubariki, atamrudisha, na mtoto atakuwa salama kuliko mtoto yeyote aliyewahi kushikwa Tepemil. Alichukua boga, akalifunga kwa shali, akaliweka mezani. Akafumba macho akalipokea, akalibusu, akalirudisha. Alirudia wiki nzima mpaka akaweza bila kupapasa. Hakumwambia mtu, hata Tomasa. Aliona ni zawadi yake, na zawadi haitangazwi.

Jumapili alivaa blauzi nyeupe aliyoishona mwenyewe na kuipiga wanga. Uani kwa Mama Otilia palijaa watu, tanuri lilikuwa na moto, bata mzinga amekatwa kwenye mchuzi mwekundu, watu wanakula kwa mikono. Alipoingia na Tomasa, Chabela alikohoa, na baadhi ya watu wakacheka midomo imejaa.

"Haya, jamani, mpisheni," Mama Otilia alisema. Alisimama katikati ya ua na mtoto mikononi, amevishwa nguo ndefu ya ubatizo, Delmi kando yake. "Njoo, mama. Njoo umshike mjukuu wako, watu wote waone."

Eduviges alitazama miguu ya Mama Otilia, akaipima nafasi. Alisogea mpaka karibu kabisa. Kisha akafumba macho kwa nguvu, akanyoosha mikono, akasubiri uzito.

Uzito haukuja.

"Mbona unafumba macho?" ilisema sauti ya Mama Otilia.

"Nipe tu, mama."

"Nakuuliza, mbona unafumba?"

Pakaanza minong'ono. Eduviges hakuwa amefikiria jambo moja, nalo ni kwamba hakuna mtu Tepemil aliyewahi kumwona amefumba macho. Watu hufumba macho wakisali, na wengine wakiapiza. Midomo yake ilikuwa ikicheza, kwa kuwa alikuwa akijikumbusha maneno: Mungu akubariki, Mungu akubariki.

"Anasoma nini huyo?" mtu aliuliza.

"Hataki kumwona! Amemkataa!"

"Au ameshamwona pale mlangoni, sasa anafunga asitoke!"

"Fungua macho umshike kama watu," Mama Otilia alisema, na sasa sauti ilikuwa imesogea nyuma.

"Nikifungua nitamwona," alisema Eduviges.

Kicheko cha Chabela kilipasuka kwanza, kisha cha wengine, kicheko cha watu walioogopa. Eduviges alibaki amesimama, mikono imenyooshwa mbele, vidole wazi, kama mtu aliyeombwa ashike kamba ya nguo na kusahauliwa. Mtu fulani akamwekea ndizi kiganjani. Akaipapasa, akaielewa, na bado hakufungua macho. Alisikia mtoto akilia, na kilio kikienda mbali, kikiingia ndani ya nyumba, na mlango ukifungwa.

Tomasa ndiye aliyemshika kiwiko. "Twende, komadre."

Akatolewa uani hivyo hivyo, macho yamefumbwa, mpaka nje barabarani. Hakumwona Osmín hata unyayo.

Siku ya tatu mtoto alianza kuharisha. Mchana wa kesho yake Mama Otilia alisimama kwenye uzio wa Eduviges, Chabela kando yake, na Delmi akaingia jikoni peke yake. Macho yalikuwa mekundu.

"Mama, vua blauzi."

"Ana nini?"

"Anaungua. Hanyonyi. Utosi umebonyea. Vua, mama."

Eduviges hakuvua. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya matope alikuwa na uhakika wa kitu, na uhakika huo ulimpa kizunguzungu. "Delmi. Ulikuwa kando yangu. Nilifungua macho?"

Delmi alitazama mlango.

"Uliniona. Sema. Yalikuwa wazi?"

"Hapana."

"Pale mlangoni?"

"Ulikuwa unatazama chini. Nilikuwa nakuangalia muda wote."

"Basi waambie! Wako pale nje. Toka uwaambie mama hakumwona mtoto, mtoto ana ugonjwa mwingine, apelekwe kliniki sasa hivi. Watakusikia wewe."

Delmi alikaa chini pale pale sakafuni, mgongo ukutani. Alizungumza polepole, kama anayemweleza mtoto. "Nikiwaambia si wewe, mama, watatafuta mwingine. Na aliyekuwa karibu naye mwingine ni nani? Nani anamtazama usiku na mchana? Nani alipoteza ile ya kwanza?" Alijigusa kope. "Mama mkwe ameshaanza kuniangalia. Jana alinyanyua taa akanimulika usoni, akasema rangi ya macho inabadilika. Watamchukua, mama. Watampa mlezi. Nitakuwa namnyonyesha nimefungwa kitambaa machoni."

Nje Chabela alikuwa akiita, "Vipi huko ndani, mnashona hiyo blauzi?"

Eduviges aliyatazama macho ya binti yake moja kwa moja, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Yalikuwa meusi, ya Cupertino, hayana hata chembe ya asali. Akamgusa utosini, kwa mazoea. Kisha akaenda nyuma ya pazia, akavua, akajitanda shali, akatoka nayo mpaka uzioni mwenyewe.

"Nilimwangalia," alimwambia Mama Otilia. "Nilifungua kidogo, nikamwangalia. Alinipendeza. Sikumgusa."

"Si nilisema!" Chabela alipiga makofi. "Nilisema mimi!"

Mama Otilia aliipokea blauzi kwa ncha za vidole. "Angalau unakiri," alisema. "Mungu atalihesabu hilo."

Neftalí, ambaye siku zote hizo hakusema neno, jioni hiyo alimchukua mwanawe akapanda naye gari la mkate mpaka kliniki ya mji wa pili. Mama Otilia aliwafuata. Muuguzi akawafokea kwa kuchelewa, akampa mtoto maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko, akaamuru hiyo nguo inayonuka iondolewe. Mama Otilia alikataa kuiondoa. Mtoto alitiwa maji akiwa ndani ya blauzi, na akarudi Tepemil akiwa ndani ya blauzi, ananyonya. Mama Otilia alisimulia kila mnunuzi wa mkate: lile jasho lilipomwingia tu, alifumbua macho.

Kisha akaweka utaratibu. Mtoto ana damu nyepesi, na nyanya yake ana macho asiyoweza kuyatawala, yeye mwenyewe amekiri. Haifai kungoja mtoto aungue ndipo watu wakimbizane. Eduviges asimkaribie, na kila Jumamosi atume blauzi moja aliyoivaa, isiyofuliwa, ikae ndani ya kabati tayari. Delmi alikuja kumweleza, akaongea akiwa amesimama. Alisema asante, mama. Hakuja tena baada ya hapo, kwa sababu aliyetoka nyumba ile humletea mtoto vumbi lake.

Mpelekaji alikuwa Tomasa. Kila Jumamosi alipitia na kikapu chake cha tamali, na Eduviges alikuwa na blauzi imekunjwa tayari. Aliitengeneza kwa bidii. Siku ya Ijumaa alichagua kazi nzito zaidi, mashuka ya nyumba ya wageni, mablanketi, akayafua jua la utosini bila kofia ili blauzi inywe jasho vizuri. Wanawake wa mabirika walimwona akitota maji mgongoni wakasema, "Leo Mama Eduviges anampikia mjukuu." Alicheka pamoja nao. Mtoto yeyote akiugua sasa, hakuna aliyejisumbua kutafuta, walijua, na yeye hakubisha. Alikuwa amekwisha kusema mwenyewe, kwenye uzio wake, mchana kweupe.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, Tomasa alikaa kidogo jikoni kungoja anga litulie. Walikuwa wakizungumza habari za Osmín, kwamba anatambaa, kwamba amemwaga unga wa nyanya yake.

"Nywele zake bado ziko vile?" Eduviges aliuliza.

"Vile vipi?"

"Zile nyingi. Zilizomwangukia kwenye paji la uso, nyeusi, zimelala upande mmoja. Na sikio moja lilikuwa limejikunja kwenye kofia. Alinitazama, komadre. Kila mtu alikuwa akipiga kelele, yeye akanitazama tu, kimya."

Tomasa alikuwa amembeba mtoto yule kanisani asubuhi ya ubatizo, akamvua kofia mwenyewe kwa ajili ya maji. Kilikuwa kichwa kama yai, hakina unywele mmoja. Alimtazama komadre wake, aliyekuwa ameshika blauzi mapajani, akiilainisha kwa kiganja.

"Ziko vile vile," Tomasa alisema.

"Nilijua ni kosa," alisema Eduviges. "Nilipaswa kufumba mapema zaidi."